UVIMBE KATIKA MAZIWA YA MBWA

Somo la leo ni juu ya uvimbe unaoota katika maziwa ya mbwa jike. Pengine utauliza, mbwa naye aandikiwe somo? Basi mwulize mkulima wa Kilangala ambaye mihogo yake inafukuliwa na nguruwe usiku, na mahindi yake yanavunjwa na nyani mchana. Mbwa anayejua kazi hiyo ni mbwa wa miaka mingi, na ugonjwa huu huwapata hasa majike wazee.

Mbwa jike kwa kawaida ana chuchu kumi, tano kila upande. Chini ya kila chuchu kuna tezi inayotengeneza maziwa. Uvimbe huanzia humo. Kwanza ni kinundu kigumu kama punje ya mtama, tena hakiumi. Mbwa anakula, anabweka, anafukuza nguruwe, na mwenyewe haoni kitu. Baadaye kinakuwa kama kunde, halafu kama korosho, halafu kama yai. Mara nyingi huota kwenye chuchu za nyuma, karibu na mapaja, ambako hakionekani upesi.

Kwa mbwa, karibu nusu ya uvimbe huo si wa hatari. Nusu nyingine ni saratani, yaani kansa. Saratani hukua, hupasuka ikawa kidonda, kisha huenda mpaka kwenye mapafu. Hapo mbwa hukohoa, hukonda na kuhema kwa shida. Kwa paka ni vibaya zaidi: zaidi ya nane kati ya kumi ni saratani. Kwa macho tu huwezi kutofautisha; lazima kipande kipimwe maabara.

Sasa tusichanganye mambo. Mbuzi au ng'ombe akivimba kiwele, karibu kila mara ni ugonjwa wa kiwele unaoletwa na vijidudu. Huja ghafla. Kiwele kina moto, mnyama hataki kukamuliwa, maziwa yana mabonge au damu. Dawa yake ipo, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Mbwa anayenyonyesha naye huupata. Lakini uvimbe tunaousema hapa huja polepole, hata kwa mbwa asiyenyonyesha. Haumwambukizi mbwa mwingine wala mtu, na si kazi ya mchawi.

Chanzo kikubwa ni vichocheo vya uzazi vinavyotoka kwenye ovari. Mwaka 1969 wataalamu wa California, Marekani, walionyesha kwamba majike waliotolewa ovari kabla ya joto la kwanza karibu hawapati ugonjwa huu. Wakitolewa baada ya joto la kwanza kinga hupungua, baada ya la pili hupungua zaidi. Basi anayetaka jike la kulinda, si la kuzaa, amwulize daktari wa mifugo mapema, mbwa akiwa na miezi michache. Na usimdunge mbwa sindano ya uzazi wa mpango. Dawa za namna hiyo huongeza uvimbe kwa mbwa na paka.

Uvimbe ukishaota, dawa ni kuukata, na ukatwe na daktari, mbwa akiwa amelazwa usingizi. Ukiwa haujafika sentimita 3, matumaini ni makubwa. Najua gharama ipo na safari ipo, lakini wembe wa dukani na chuma cha moto humtesa mnyama na kuacha mizizi ndani. Mbwa mwenye maumivu huuma, hata mwenyewe.

Tangu kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa huku kusini, mwaka 2010 hadi 2015, wengi tumezoea kumshika mbwa. Mara moja kwa mwezi mlaze chali, pitisha vidole taratibu kuanzia kifuani mpaka mapajani. Asiyetaka kumgusa kwa mkono mtupu avae glovu. Ukikuta kinundu, kipime kwa rula na uandike tarehe katika daftari. Bwana mifugo atakuuliza hayo mawili kwanza.

Maswali ya kikundi:
Mbuzi wa Bi Asha amevimba kiwele tangu jana na maziwa yana damu. Mbwa wake ana kinundu cha miezi mitatu. Ni yupi wa kutibiwa leo hii, na kwa nini? Na yule wa pili asubiri mpaka lini?