JOTO LIMEZIDI: SABABU YAKE, NA LIPASALO KUFANYWA KIHAMBANI

Mkulima, umewasikia wazee wakisema kwamba zamani barafu ya Kibo ilikuwa kubwa zaidi. Wasema kweli. Kati ya mwaka 1912 na 2007, zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu hiyo zilitoweka. Lakini barafu huliwa na ukavu wa hewa pia, si joto peke yake. Shahidi aliye karibu nawe zaidi ni mbuni wako.

Kahawa ya arabika hupenda usiku wa baridi. Utafiti wa kahawa ya Tanzania uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba joto la usiku likizidi kwa digrii moja tu, mavuno hupungua kilo 137 kwa hekta, yaani kilo 55 hivi kwa ekari.

Joto hili latoka wapi? Watu wachomapo makaa ya mawe, mafuta na misitu, hutoka hewa ya ukaa. Hewa hii huifunika dunia kama blanketi, na joto la ardhi hushindwa kutoka upesi. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 280 zilikuwa za ukaa. Sasa zapita 420.

Wengine husema, "Ni jua tu." Sivyo. Kama lingekuwa jua, hewa ya juu sana nayo ingepata joto. Lakini vipimo vyaonyesha kwamba ya juu inapoa, na ya chini ndiyo inayopata joto. Kwa hiyo mwaka 2021 jopo la wataalamu wa mataifa lilitamka kwamba hakuna shaka: binadamu ndiye aliyeipasha dunia joto.

Moshi mwingi haukutoka kwako, bali katika nchi za viwanda. Hata hivyo, usingoje majira ya zamani yarudi yenyewe. Fanya hivi:

1. Usikate mringaringa wala mruka. Punguza matawi tu, ili kivuli kisizidi.
2. Tandaza majani makavu ya migomba chini ya mibuni, yasiguse shina.
3. Safisha mfongo kabla ya kiangazi, maji yasipotee njiani.
4. Usiwashe moto karibu na msitu.
5. Mibuni ikizeeka, mwulize Bwana Shamba habari za miche ya Lyamungo isiyoshikwa upesi na chulebuni na kutu ya majani.

Anza msimu huu.