Nasibu Haina Zamu: Mitawanyo ya Uwezekano na Mafuriko ya Mto Umba

1.0 Utangulizi

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara nchini Tanzania na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Kwa sababu hiyo, mvua iliyonyesha ng'ambo ya mpaka yaweza kuwafikia wakazi wa Vanga kama mafuriko. Mtaalamu akisema kwamba mafuriko fulani ni "ya miaka kumi", msikilizaji huelewa upesi kwamba yakishapita, miaka kumi ya salama imeanza. Ufahamu huo ni kosa, na aliyeukubali aweza kujenga upya ghala lake palepale maji yalipolibomoa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa Kiswahili, jinsi hisabati inavyolisahihisha kosa hilo. Hoja yetu ni moja: nasibu haina zamu.

2.0 Mwaka mmoja: mtawanyo wa Bernoulli

"Mafuriko ya miaka kumi" maana yake ni kwamba kila mwaka una uwezekano wa 0.1 wa kuyapata. Namba hii tunaichukua kwa ajili ya somo tu. Si kipimo cha Umba. Tuseme X = 1 mwaka ukiwa na mafuriko, na X = 0 usipokuwa nayo. X huitwa kigeu nasibu, na uwezekano wa X = 1 tunauita p.

3.0 Fankisheni zalishi ya momenti

Momenti ya kwanza ni wastani wa X; ya pili ni wastani wa X²; na kuendelea hivyo. Badala ya kuzitafuta moja moja, twaweza kuzifunga zote katika fankisheni moja, M(t), ambayo ni wastani wa e^(tX). Hapa e ni namba 2.718..., na t ni herufi ya kutusaidia kuhesabu tu. Kwa kuwa e^(tX) = 1 + tX + t²X²/2 + ..., kizidishi cha t katika M(t) ni momenti ya kwanza, na kizidishi cha t²/2 ni momenti ya pili.

Kwa Bernoulli:

M(t) = (1 − p) + pe^t = 1 + pt + pt²/2 + ...

Momenti zote mbili ni p. Variansi, yaani kipimo cha kutawanyika, ni momenti ya pili ukiondoa mraba wa ya kwanza: p − p². Kwa mfano wetu, 0.1 − 0.01 = 0.09.

4.0 Miaka mingi: mtawanyo wa binomia

Faida kubwa ya fankisheni hii huonekana tunapojumlisha. Ikiwa vigeu viwili havitegemeani, M(t) ya jumla yao ni zao la M(t) zao. Basi idadi ya miaka ya mafuriko katika miaka 10 ina:

M(t) = (1 − p + pe^t)^10

Wastani wake ni 10 × 0.1 = 1, na variansi ni 10 × 0.09 = 0.9. Lakini wastani wa 1 haumaanishi kwamba kila muongo hupata mwaka mmoja wa mafuriko. Uwezekano wa kutopata hata mmoja ni 0.9^10, takriban 0.35, wa kupata mmoja tu ni takriban 0.39, na wa kupata miwili au zaidi ni takriban 0.26. Muongo mmoja kati ya minne, kwa makadirio, utamkanusha yule aliyengoja zamu.

5.0 Mtawanyo wa Poisson

Tukiugawa muda uleule katika vipande vingi vidogo, n, kila kimoja kikiwa na uwezekano λ/n (λ husomwa lamda), M(t) huwa (1 + λ(e^t − 1)/n)^n. Kadiri n inavyokua, fankisheni hiyo hukaribia:

M(t) = e^(λ(e^t − 1))

Huu ndio mtawanyo wa Siméon Denis Poisson, aliouchapisha mwaka 1837. Momenti yake ya kwanza ni λ na ya pili ni λ + λ². Kwa hiyo wastani na variansi ni sawa. Aidha, mafuriko ya masika yakiwa na λ yake na ya vuli na yake, bila kutegemeana, kuzidisha fankisheni zao hujumlisha lamda hizo: jumla ya mwaka nayo ni Poisson.

Mwaka 1898, Ladislaus von Bortkiewicz alichambua vifo vya askari wa Prusia waliopigwa mateke na farasi. Katika rekodi 200 za vikosi 10 kwa miaka 20, vifo vilikuwa 122, yaani wastani wa 0.61. Nadharia yatabiri momenti ya pili ya 0.61 + 0.61², takriban 0.982, rekodi zenyewe zatoa 0.98. Rekodi zisizo na kifo zilikuwa 109. Nadharia yatoa takriban 108.7. Farasi hawakuwa na zamu, lakini nasibu yao ilikuwa na umbo.

6.0 Tahadhari

Hesabu hizi husimama juu ya sharti kwamba p haibadiliki na miaka haitegemeani. El Niño, kama ile ya 1997, huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, na hapo p hupanda. Hata hivyo, kinachoibadilisha ni hali ya bahari na anga, wala si deni la miaka iliyopita.

7.0 Hitimisho

Ndugu msomaji, tunapotafsiri taarifa za hatari, tusiseme "mafuriko ya miaka kumi". Tuseme: "kila mwaka, uwezekano ni mmoja kati ya kumi, hata kama mwaka jana yalikuja." Sentensi hii ni ndefu zaidi, lakini mwenye ghala ukingoni mwa Umba ataielewa, naye ataamua akijua.