Basi la Kupandia Machu Picchu: Maswali kwa Maalim wa Safari

Katika nchi ya Peru, pale milima ya Andes inapoanza kuteremka kuelekea misitu yenye mawingu, umesimama juu ya mgongo wa mlima mji wa mawe uliojengwa na Wainka katika karne ya 15, nao ni Machu Picchu. Wasafiri waendao huko huifikiria sana ndege, na gari la moshi, na mahali pa kulala, wakaisahau nusu saa ya mwisho, ya basi lipandalo kutoka kijiji cha bondeni hata lango la mji huo. Ilhali nusu saa hiyo ndiyo aghalabu inayoamua kama mtu ataingia kwa wakati wake, moyo ukiwa mkunjufu, au atafika akitweta na saa yake imekwisha kupita. Kwa ajili hiyo tumemwendea Maalim mmoja ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni katika milima ile, naye ametujibu kwa utaratibu.

Maalim, tuanze na jambo la asili. Kwani mtu hawezi kukodi gari katika mji wa Cusco akafika nalo hadi langoni?

Hawezi, mwanangu, na sababu ni maumbile ya nchi yenyewe. Mto Urubamba umelichimba bonde lake kwa kina na wembamba hata, kati ya mji wa Ollantaytambo na kijiji cha Aguas Calientes kilicho chini ya mlima, ikapatikana nafasi ya reli, barabara ya magari isipite. Basi mgeni huja kwa gari la moshi, au, akiwa ni mtu wa miguu mepesi na mfuko mwembamba, huzunguka kwa gari hadi mahali paitwapo Hidroeléctrica, kisha akatembea kandokando ya reli kilomita zipatazo 10. Ajapo kwa njia yoyote katika hizo mbili, hujikuta yuko kijijini, kwenye kimo cha mita 2,040 hivi juu ya bahari, na mji wa Wainka uko juu yake kwenye mita 2,430, umefichwa na magenge. Mita hizo zilizobaki ndizo kazi ya basi. Na hapa nawatuliza wanaohofia hewa nyembamba: Cusco uko kwenye mita 3,400, kwa hiyo atokaye huko kwenda Machu Picchu kwa hakika anateremka, na kifua kilichobana Cusco, aghalabu hapa hufunguka.

Tiketi ya gari la moshi ninayo, na ya kuingilia ninayo. Ya basi imo katika ipi?

Haimo katika yoyote, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tiketi ni tatu, kila moja na mwenyewe: ya reli, ya kuingilia mjini, na ya basi. Hii ya basi, ambayo kwa miaka kadhaa sasa nauli yake kwa mgeni mtu mzima imekuwa dola 12 za Marekani kupanda na dola 12 nyingine kushuka, huandikwa jina la msafiri na namba ya pasipoti yake, wala haipitiwi macho juujuu, kwani mtu hukaguliwa karatasi mkono mmoja na pasipoti mkono wa pili kabla ya kuweka mguu kwenye ngazi ya basi. Aliyeiacha pasipoti hotelini kwa kuogopa wezi atairudia mbio, na foleni haitamngojea.

Zingatia pia kwamba ugumu hauko katika basi. Tiketi ya basi yaweza kununuliwa jana yake, hata siku ile ile. Lakini ya kuingilia ina mpaka, ambao kwa siku za kawaida ni watu 4,500, na katika siku maalumu zilizotengwa ni 5,600, na kila tiketi imefungwa kwa saa yake na kwa njia yake, kwa kuwa tangu 2024 mji umegawanywa katika njia kuu tatu za kuzungukia, na aliyekata ya kwanza hawezi kuhamia ya pili akishaingia. Katika miezi ya kiangazi, hususan Juni hadi Agosti, tiketi hizi huisha mapema mno. Kwa hiyo anza na ya kuingilia, ifuatishe ya reli, kisha ya basi iwe ya mwisho. Anayeanza kwa reli akitumaini kwamba mengine yatajipanga yenyewe, hujikuta kijijini alfajiri akigombania zile chache ziuzwazo palepale.

Ni kweli kwamba watu hujipanga foleni usiku wa manane?

Ni kweli. Basi la kwanza huondoka takriban saa 11 na nusu alfajiri, nao wapo waliosimama tangu saa 10, wamejifunika makoti ya mvua, wameegemea kuta za nyumba, kila mmoja akihesabu vichwa vilivyo mbele yake. Lakini kusimama huko kuna maana kwa mtu mmoja tu, yaani mwenye tiketi ya kuingia saa 12 asubuhi. Watumishi wa foleni hupita wakiuliza saa ya kila mtu na kuwatenga watu kwa kadiri ya saa zao. Mwenye tiketi ya saa 3 aliyekuja saa 10 usiku amejitesa bure, maana ataambiwa asubiri wa saa 12 wapite. Mabasi yenyewe hayana ratiba ya dakika kwa dakika. Hujaa na kuondoka, na jingine likaja. Nawashauri wageni wangu wawe katika foleni saa moja kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya kuingilia, na katika kiangazi waongeze nusu saa juu yake.

Tuelezee barabara yenyewe, Maalim.

Hili ulilouliza ndilo lipendezalo. Basi hutoka kijijini likifuata mto, likavuka daraja, kisha likaanza kupanda kwa kona zaidi ya 10 zilizokatwa ubavuni mwa mlima, ikawa barabara imejikunja kwenda na kurudi kama ukili mikononi mwa msusi wa mkeka. Urefu wake wote ni kilomita 8 na ushei, na mwendo wake ni dakika 25 hadi 30. Juu ya kona hizo hakuna lami bali changarawe, ambayo kiangazi hutoa vumbi na masika hugeuka tope, na upana wake katika sehemu nyingi ni wa gari moja. Basi la kushuka likikutana na la kupanda, dereva mmoja hana budi kurudi kinyumenyume hadi mahali palipotanuliwa, akiangalia kioo chake cha pembeni na ukingo wa barabara kwa zamu, hata mwenzake apite kwa nafasi ya kiganja, wakapungiana mikono na kila mmoja akashika njia yake. Abiria aliye dirishani huona majani ya msituni yakigusa kioo upande mmoja, na upande wa pili mto uliokwisha kuwa mwembamba huko chini. Wengi huniuliza wakae upande gani. Kwa kuwa kila kona hugeuza upande wa bonde ukawa upande wa mlima, waweza kukaa popote usipunjike.

Barabara hii ina jina la Hiram Bingham, Mmarekani wa chuo kikuu cha Yale, ambaye tarehe 24 Julai 1911 alipanda mlima huu akiongozwa na mkulima wa bondeni aitwaye Melchor Arteaga, baada ya kuvuka mto kwa kutambaa juu ya magogo yaliyofungwa pamoja. Ilipofunguliwa mwaka 1948 alirudi mwenyewe, mtu mzima sasa, kuhudhuria. Mimi siwaachi wageni wangu waamini kwamba aliugundua mji uliopotea. Huko juu aliwakuta wakulima wakiishi na kulima matuta yale yale ya Wainka, na ukutani alikuta jina la Agustín Lizárraga pamoja na mwaka 1902, alama ya mtu aliyemtangulia kwa miaka tisa. Wenyeji hawakuupoteza mji wao. Waliousahau ni wale waliokuwa mbali.

Mwenye kuogopa kimo afanyeje?

Akae kiti cha upande wa kati, atazame mbele, na ajue kwamba madereva hawa hupita hapa mara nyingi kwa siku, mwaka nenda mwaka rudi.

Na asiyetaka basi kabisa?

Ziko ngazi za mawe, ziendazo moja kwa moja juu na kuikata barabara mara kwa mara pale inapojikunja. Kutoka kijijini hadi langoni ni saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida, na mwenye afya njema huchukua pungufu ya hapo. Kwa kuwa ngazi ni fupi kuliko barabara, wasafiri wa miaka ya nyuma wamesimulia juu ya watoto waliovaa mavazi ya matarishi wa Wainka, wakateremka mbio kwa ngazi wakati basi likizunguka, wakatokea mbele yake kila kona kuwapungia abiria, na mwisho wakapanda ndani kupokea sarafu. Shauri langu, kwa mwenye magoti mazima, ni kupanda kwa basi na kushuka kwa miguu, ili apate kuingia mjini nguvu zake zikiwa kamili; ila mvua ikinyesha mawe huteleza sana, na hapo dola 12 za kushukia si hasara.

Kwa nini basi hazijawekwa gari za kamba, watu wakapanda kwa dakika chache?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitolewa pendekezo la namna hiyo, nao wahifadhi na watu wa UNESCO wakalipinga, hata likaachwa. Nami naona waliopinga walikuwa na haki. Mahali hapa paliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1983 kwa mambo mawili pamoja, kazi ya mikono ya watu na maumbile ya nchi, na nguzo za chuma juu ya msitu ule zingeyadhuru yote mawili. Fauka ya hayo, mlima huu ni wenye kuteleza: Januari 2010 mvua zilibomoa reli, na wageni kwa maelfu wakanasa bondeni hata wakatolewa kwa helikopta. Ardhi ya namna hiyo haifai kutwishwa mzigo mwingine kwa ajili ya kuokoa dakika 20. Barabara yenyewe ni kovu tosha.

Tulisikia kwamba mwaka 2025 palitokea mgogoro juu ya mabasi haya.

Palitokea. Mkataba wa miaka 30 wa kampuni iliyokuwa ikiendesha mabasi ulikwisha Septemba 2025, na watu wa eneo lile, wakitaka zabuni ya haki na sauti yao katika kuchagua atakayefuata, wakaiziba reli kwa mawe na magogo, wageni kwa mamia wakakwama kijijini. Anayekasirikia wakazi kwa kuharibiwa siku yake akumbuke kwamba njia hii moja ndiyo riziki ya kijiji kizima, na aliyeishika ameshika mlango wa nyumba zao. Kwa msafiri maana yake ni kuuliza habari za njia siku mbili tatu kabla ya kuondoka Cusco, na kuacha siku moja tupu kati ya Machu Picchu na ndege ya kurudia kwao.

Mtu akishafika juu, na wakati wa kurudi, aangalie nini?

Kabla ya lango, aende chooni, maana ndani hakuna choo hata kimoja, na atokaye kwa haja hiyo haruhusiwi kuingia tena. Mfuko wake usizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20, mkubwa auache kijijini. Fimbo za kutembelea ni kwa wazee na wagonjwa, tena ziwe na mpira nchani.

Kwa kurudi, foleni ya kushuka hurefuka kuanzia saa 6 mchana, wale wa asubuhi wanapotoka kwa pamoja, na mabasi hukoma takriban saa 11 na nusu jioni. Ahesabu kinyume kutoka saa ya gari la moshi: aliye na tiketi ya reli ya saa 10 alasiri, akisimama katika foleni ya kushuka saa 8, atapata nafasi ya kuuchukua mzigo wake hotelini, kula wali na samaki wa mtoni kwa utulivu, na kufika stesheni kabla milango haijafungwa.