Neno 'la': Tusisome Qur'an kwa masikio ya Kiswahili

Katika darasa langu hakuna neno linalochukuliwa kwa wepesi kama 'la'. Ni herufi mbili tu, na kila mtu anadhani anaijua maana yake. Hebu, ndugu msomaji, tuliangalie kwa makini.

Kiswahili peke yake kinalipa kazi tatu. Mtu akisema "la, sitaki", anakanusha. Akisema "jina la mtoto", anaunganisha. Akisema "mtoto amekula", mzizi wa kitendo hicho ni -la. Kazi ya kwanza imetoka katika Kiarabu. Hizo mbili nyingine ni za Kibantu, wala hazina undugu na Kiarabu.

Tukitoka nje, Mfaransa na Mhispania huliweka 'la' mbele ya majina ya jinsia ya kike, kazi inayokaribia ile ya 'al' ya Kiarabu. Mchina akilitamka kwa sauti ya juu iliyonyooka, anasema "vuta". Akiishusha sauti, anasema chakula kina ukali wa pilipili. Hapa Mchina hakumwazima Mfaransa, wala Mbantu hakumwazima Mchina. Sauti za kinywa cha mwanadamu ni chache na lugha ni maelfu, hivyo maneno mafupi kugongana si ajabu. Kwa hiyo mtu akikuambia neno fulani lina asili ya Kiarabu kwa sababu tu yanafanana, mwombe ushahidi zaidi ya sikio lake.

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito. Kiarabu chenyewe kina 'la' mbili. Moja ni lam yenye alif, nayo huvutwa angalau haraka mbili. Hiyo ni ya kukanusha. Nyingine ni lam yenye fat-ha tu, haivutwi, na moja ya kazi zake ni kusisitiza: "hakika".

Chukua Suratul Kaafirun. Ndani yake 'la' ya kukanusha imekuja mara nne. Katika aya ya 2 Mtume (S.A.W.) anaamrishwa kutangaza kuwa haabudu wanachokiabudu makafiri. Msomaji akiikata ile 'la', maana inageuka kuwa hakika anakiabudu! Kinyume chake ni Suratul Asr, aya ya 2, ambako 'la' ni ya kusisitiza kuwa mwanadamu yumo katika hasara. Ukiivuta, umesema hayumo katika hasara. Wanachuoni wa tajwidi huliita kosa la namna hii lahn jaliyy, yaani kosa la wazi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu mijini tumehifadhi sura fupi kupitia vijitabu vya herufi za Kilatini. Vingi kati ya hivyo huandika 'la' zote mbili sawasawa, na Mswahili huzisoma kama anavyosema "la, sitaki", kwa mkato.

Simvunji moyo anayejifunza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayesoma kwa taabu ana ujira mara mbili. Lakini taabu hiyo ni ya mwenye kujitahidi, si ya aliyeridhika na kijitabu. Tafuta mwalimu karibu nawe, msomee sura hizi mbili, na umwache akusahihishe. Dakika kumi baada ya Magharibi zinatosha kuanzia.

Wallahu a'lam.