Somo kwa Vyama vya Msingi: Kulikomboa Shamba la Bustani Lililovamiwa na Magugu Sugu

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kumwezesha katibu pamoja na wanachama kulirudisha katika kilimo shamba la bustani lililoachwa likaota magugu, bila kupoteza bure nguvu za watu wala fedha za mkopo. Inafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja, na maswali ya mwisho yajibiwe shambani kwenyewe, jembe likiwa mkononi.

1. Hasara inavyoanza

Katika wilaya ya Gairo, iliyotengwa na Kilosa mwaka 2012, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo msimu ukipotea, umepotea mwaka mzima. Shamba likisahauliwa kwa misimu miwili hufunikwa na majani. Hapo ndipo mkutano huamua jambo la haraka: trekta au jembe la ng'ombe likodiwe mvua ya kwanza inyeshapo, shamba lilimwe mara moja, mbegu zipandwe.

Baada ya wiki chache magugu hurudi, tena mazito kuliko yale ya awali. Wakati huo mbegu na mbolea ya mkopo zimekwisha kuingia ardhini, na deni limekwisha kuandikwa vitabuni. Mavuno yakiwa haba, mwanachama hushindwa kulipa, na chama hushindwa kumkopesha tena. Yafaa basi ieleweke kwamba jambo linalojadiliwa hapa si usafi wa shamba peke yake, bali ni uhai wa mkopo.

Mfano wa haraka ya namna hiyo uko jirani. Huko Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, wakikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi za jirani. Matrekta yaliangusha vichaka, lakini mizizi iliyobaki ardhini iliharibu majembe ya mashine. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua haikutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Kilicho juu ya ardhi kiliondolewa upesi. Kilicho chini ndicho kilichowashinda.

2. Kuwatambua adui

Kabla ya kushika jembe, kikundi kichimbe mashimo matano katika pande mbalimbali za shamba, kila shimo lenye kina cha mkono hadi kiwiko, na kuchunguza kilichomo. Magugu hayafanani, na dawa ya moja huwa chakula cha jingine.

Ndago. Shina lake lina pembe tatu. Chini yake mna viazi vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi. Vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, lakini vingine huenda chini zaidi. Uzi ukiwa mzima, viazi vingi hulala bila kuota. Jembe likiukata, kila kiazi hujitegemea na kutoa mche wake. Ndiyo sababu kulima mara moja huongeza ndago badala ya kuipunguza. Hata hivyo ina udhaifu wa namna mbili: kiazi kikikauka kabisa juani hufa, na mmea wenyewe hauvumilii kivuli.

Sangari. Hii ni nyasi yenye mashina meupe yatambaayo chini ya ardhi, ambayo wengi huyaita mizizi. Kila kipande chenye kifundo huweza kuchipua. Kuikatakata kwa jembe ni kuipanda.

Kishona nguo na wenzake. Haya huzaliwa kwa mbegu. Hayana hazina ardhini, na hung'oka kwa urahisi. Hatari yake ni moja: yakiachwa yakomae, mbegu zake husambaa kwa nguo za watu na manyoya ya mifugo.

Kiduha. Huyu ni mwizi. Hujishika katika mizizi ya mahindi, mtama au uwele na kunyonya kabla hajaonekana juu ya ardhi. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, ambazo huweza kuishi ardhini zaidi ya miaka kumi. Palizi ya kawaida huja imechelewa, kwa maana madhara yamekwisha kutendeka.

3. Mpango wa kazi kwa mwaka

Mei na Juni: udongo ungali na unyevu kidogo. Majani yafyekwe, kisha shamba lichimbuliwe kwa jembe-uma, si kwa jembe bapa, ili viazi na mashina ya chini yainuliwe mazima. Kazi iende kwa mistari, na mstari wa kwanza usiachwe mpaka udongo wake umepekuliwa kwa mikono.

Julai hadi Septemba: jua na upepo wa Gairo ni vibarua wasiolipwa. Vilivyochimbuliwa vitandazwe kwa wepesi mahali pakavu na kugeuzwa kila baada ya siku chache, kwa muda usiopungua wiki mbili. Vikishakauka vichomwe. Visitiwe kamwe katika shimo la mboji, kwa kuwa humo vitapata unyevu na kurudi shambani pamoja na mbolea.

Mvua za kwanza: shamba lisipandwe siku hiyo. Magugu yaliyosalia yaachwe yaote kwa siku kumi hivi, kisha yapaliliwe juujuu, ndipo mbegu zipandwe. Ni kweli kwamba siku kumi ni nyingi pale ambapo mvua ni chache. Kwa sababu hiyo chama kisingoje katika shamba zima. Robo iliyo safi zaidi ipandwe mapema, na robo iliyovamiwa zaidi ndiyo ingojewe.

Robo hiyo mbaya isipandwe vitunguu wala mboga zenye majani machache, ambazo haziwezi kutoa kivuli. Ipandwe kunde kwa kusongamanisha, au marejea, mmea uliotangazwa sana kutoka Peramiho mkoani Ruvuma katika miaka ya 1980. Mimea hii hufunika ardhi na kuirutubisha. Kunde, tena, huamsha mbegu za kiduha ardhini, nazo zikikosa mzizi wa kunyonya hufa. Mahali pa mtama, aina za Hakika na Wahi zilizotolewa kwa wakulima mwaka 2002 huhimili kiduha kuliko mbegu nyingi za kienyeji. Kiduha kitakachoonekana king'olewe kabla hakijatoa maua.

4. Juu ya dawa

Dawa aina ya glaifoseti huua ndago na sangari kwa kupitia majani hadi chini. Basi ikinyunyizwa wakati wa kiangazi juu ya majani makavu, fedha zimemwagwa. Wakati wake ni mvua zikiwa zimeanza, majani yakiwa mabichi na mengi, kabla ya kupanda. Maelekezo ya kwenye chupa yafuatwe, mnyunyizaji afunike mikono na uso, na chupa tupu zisitumiwe kuchotea maji. Ndago huhitaji kurudiwa, kwa sababu viazi vilivyolala havikupata dawa.

5. Hesabu ya katibu

Robo ekari ni kama meta za mraba 1,000. Ikiwa mtu mmoja aweza kuchimbua na kupekua meta 20 za mraba kwa siku, shamba hilo litahitaji siku-kazi 50; yaani watu kumi kwa siku tano. Katibu apime kwanza kazi ya siku moja ya wanachama wake, kisha aandike hesabu yake mwenyewe. Daftari la kazi liwe na safu nne: tarehe, jina, eneo lililomalizwa, na gugu lililokutwa. Kamati isiidhinishe mkopo wa mbegu na mbolea kwa eneo ambalo daftari halionyeshi kuwa limepekuliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya ukombozi, mtu mmoja azunguke shamba kila wiki na kung'oa kinachochipua kingali kichanga. Majembe yafutwe udongo kabla ya kupelekwa shamba jingine, na samadi ioze vizuri kabla ya kutumiwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika mashimo matano, gugu gani limeonekana zaidi, na kwa kina gani?
2. Kwa nini kulima mara moja kwa trekta huongeza ndago?
3. Robo ipi ya shamba ipandwe mapema, na ipi ingoje? Kikundi kitoe sababu.
4. Mwanachama asiyefika siku ya kuchimbua atachangia nini, ili wenzake wasibebe mzigo wake? Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.