Mutoto Mwenye Kilema ku Masomo: Sheria na Kazi Yetu



Mu somo letu la leo tunataka kujifunza juu ya haki ya mutu mwenye kilema ya kupata masomo na kazi zingine za Leta. Wengi wetu tukisikia neno hili tunawaza: "Ile ni kazi ya Kinshasa, ao ya masista, ao ya watu wa misaada." Tutaona kwamba sivyo. Kazi hii iko ku mulango wa kalasi letu.

I. KILEMA NI NINI?

Watu wanasema kilema kinakaa mu mwili: muguu uliokauka, jicho lisiloona, sikio lisilosikia. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye kilema, yaliyopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, yanaonyesha nusu nyingine: shida inatokea pale mwili wenye kasoro unapokutana na vizuizi vya inje.

Tuchukue mufano. Mutoto wa Kikula alipigwa na polio, anatembea na magongo. Ku njia anafika sawa wenzake. Lakini kalasi lake liko juu, na kuna ngazi kumi na mbili. Sasa, ni nini inamuzuia kusoma: muguu ao ngazi? Muguu hatuwezi kuubadilisha. Kalasi tunaweza kulishusha chini kesho asubui.

Tena tuondoe neno moja baya. Mu mitaa kungali watu wanaosema mutoto wa namna hii ni mulozi, ao wazazi wake walikosea. Hapana. Polio inaletwa na virusi. Watoto wengine walipoteza masikio kwa ugonjwa wa meningite ao wa surua. Wengine muguu ulilegea kisha shindano ya kinini kuharibu mushipa wa matako. Na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mutoto, inakataza kumusingizia mutoto ulozi na inaweka azabu. Mwenye kumusingizia mutoto hivi halindi desturi, anavunja sheria.

II. SHERIA ZINASEMA NINI?

(a) Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Sehemu ya 43 inasema masomo ya primeri mu masomo ya Leta ni ya lazima na ya bure. Bure hiyo ilianza kutendeka mu Septemba 2019. Sehemu ya 49 inasema wazee na watu wenye kilema wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kufatana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho.

(b) Mapatano ya Umoja wa Mataifa. Inchi yetu iliyaingia tarehe 30 Septemba 2015. Sehemu ya 24 inakataza kumufukuza mutu mu masomo ya wote sababu ya kilema chake, na inaomba masomo yatengenezwe kufatana na mahitaji yake.

(c) Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, yenye kulinda na kuendeleza haki za mutu anayeishi na kilema. Katiba ilikuwa imeiahidi tangu 2006. Hesabuni wenyewe: miaka 16. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule wa Katiba alikuwa amekwisha kufika umri wa sekondari, kama kuna mutu aliyemupokea.

III. KWA NINI INATUHUSU SISI?

Wengine watasema: "Sisi tuko masomo ya kanisa, hatuko masomo ya Leta." Tukumbuke historia. Mwaka wa 1974 Serikali ilichukua masomo yote. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na makanisa, yaani Katoliki, Protestanti na Kimbangu, ili makanisa yasimamie masomo tena. Lakini programu ilibaki ya Leta, enspekteri wa Leta, egzameni ya Leta.

Basi masomo yetu ni kazi ya Leta iliyowekwa mikononi mwa kanisa. Hapa njo kiini cha somo letu. Muzazi anayemuleta mutoto wake kwa prefe haombi sadaka. Mwenye kuomba sadaka akirudishwa mikono mitupu, anasema "aksanti" na anaenda. Mwenye kuomba haki yake anaweza kuuliza: "Kwa nini?" Na sisi tunapashwa kuwa na jibu.

IV. MASOMO YA PEKEE AO KALASI LA WOTE?

Kuna vitu ambavyo mutoto anapashwa kufundishwa na watu wenye ufundi wake. Kipofu anasoma kwa vidole maandiko ya Louis Braille, Mufaransa aliyepofuka angali mutoto mudogo, na aliyeyatengeneza akiwa na umri wa miaka 15, mwaka wa 1824. Ni nukta sita tu, lakini zinaandika kila luga, Kiswahili pia.

Kiziwi anaitaji luga ya ishara. Mu Afrika wengi waliipata kwa kazi ya Andrew Foster, Mumarekani mweusi aliyepoteza masikio akiwa na miaka 11. Alifungua masomo yake ya kwanza Accra, inchi ya Ghana, mwaka wa 1957. Kisha yalienea mu inchi nyingi, na yetu pia, mpaka alipokufa mu ajali ya ndege Rwanda mwaka wa 1987. Wenzetu wa mashariki walianza pia kwa mukono wa makanisa: Jeshi la Wokovu kule Thika, Kenya, mwaka wa 1946, na Waanglikana kule Buigiri, Tanzania, mwaka wa 1950, yote mawili kwa ajili ya vipofu.

Lakini masomo ya pekee mara nyingi yako mu miji mikubwa, na si kila kilema kinayaitaji. Mutoto wa magongo haitaji kutumwa mbali na mama yake. Anaitaji kalasi la chini. Na hata kipofu, akiisha kujua nukta zake sita, anaweza kukaa ku banki moja na sisi. Masomo ya pekee yanampa vyombo. Kalasi la wote linampa wenzake. Anaitaji yote mawili.

V. TUFANYE NINI?

1. Mwalimu asome kwa sauti kila neno analoandika ku ubao, na aseme akitazama wanafunzi. Kipofu atasikia, kiziwi ataona midomo.

2. Asiyeona vizuri ao asiyesikia vizuri akae mbele. Mara nyingi mutoto anaitwa "kichwa ngumu" kumbe hasikii.

3. Fasi ya ngazi tutengeneze mutelemuko. Kanuni ni hii: kila sentimetre 1 ya kupanda inaomba sentimetre 12 za urefu. Ngazi ya sentimetre 15 inaomba metre 1 na sentimetre 80. Wanafunzi wa hesabu, pimeni mulango wa kalasi lenu! Hapana kusahau choo.

4. Mwenye kuandika pole pole aongezewe wakati mu egzameni za masomo.

5. Tumwite mutu kwa jina lake, si kwa kilema chake. Na mbele ya kumusaidia, tumuulize: "Nikusaidie namna gani?"

6. Kwa wazazi: mutoto aandikishwe ku komine mu siku 90 kisha kuzaliwa, hata akizaliwa na kilema. Mutoto asiye na cheti, Leta haimuhesabu. Karatasi ya munganga itunzwe vizuri. Na mukienda kuomba fasi ku masomo, ombeni kwa barua, na mubaki na kopi. Neno la mudomo linasahaulika, karatasi inabaki.

Tunajua masomo hayana feza nyingi. Lakini tutazame tena orodha hii: namba 1, 2, 4 na 5 haziombi hata franka moja.

MAULIZO

1. Mutoto anayefichwa mu nyumba anapoteza nini? Na mutaa unapoteza nini?
2. Eleza tofauti ya sadaka na haki.
3. Kwa nini masomo ya kanisa ni kazi ya Leta? Toa tarehe.
4. Mu mutaa wako (Kikula, Panda, Shituru ao Likasi) kuna mutoto gani wa umri wa kusoma asiyekuja ku masomo? Uliza kwa heshima sababu yake, kisha uieleze kwa mwalimu wako.

Ulizo la ine halina pointi. Lakini lile njo tunataka mujibu mbele ya yote.