SOMO LA USHIRIKA: MWENYE HISA NA MWENYE FEDHA



Katika ukaguzi wa vyama, swali moja hujirudia kila msimu: "Chama ni chetu, mbona bei hupangwa na mtu mwingine?" Ili kulijibu, somo hili linachukua mfano ulio mbali na kahawa na pamba, yaani biashara ya michezo ya kompyuta. Bidhaa ni tofauti, lakini tatizo la mzalishaji ni lile lile.

Mchezo wa kompyuta hutengenezwa na kikundi cha mafundi: waandishi wa programu, wachoraji na watunzi wa sauti. Kazi yaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, na kwa kawaida muda huo wote hakuna kilichouzwa. Kwa hiyo mafundi wengi humwendea mchapishaji, yaani kampuni inayotanguliza fedha, kuutangaza mchezo na kuufikisha sokoni. Mauzo yaanzapo, mara nyingi mchapishaji hurudisha kwanza fedha zake, ndipo fundi apate mrabaha.

Mwaka 1998, huko Dallas, Texas, nchini Marekani, Mike Wilson na wenzake walianzisha kampuni ya uchapishaji iitwayo Gathering of Developers, maana yake mkusanyiko wa watengenezaji. Miongoni mwa wamiliki wake walikuwamo mafundi wenyewe, kama vile vikundi vya Ritual, Terminal Reality na PopTop. Nia yao ilikuwa njema: fundi apate mrabaha mkubwa zaidi na uhuru katika kazi yake. Mwaka ule ule walitoa mchezo wa reli, Railroad Tycoon II, na mwaka 2001 wakatoa Max Payne, uliosifiwa na kununuliwa sana.

Hata hivyo, kampuni hiyo haikusimama kwa miguu yake. Katika fedha na usambazaji iliitegemea kampuni kubwa zaidi, Take-Two ya New York. Mwaka 2000 Take-Two iliinunua. Mwaka 2001 ofisi ya Dallas ilifungwa na shughuli zikahamishiwa New York. Miaka michache baadaye hata jina liliacha kutumika.

Tuzingatie kwamba haikukosa bidhaa nzuri wala mafundi hodari. Kilichokosekana ni mtaji wake yenyewe na kinga ya kisheria. Haikuwa chama cha ushirika bali kampuni ya biashara, na umiliki wa kampuni huweza kuuzwa kwa mwenye uwezo wa kuununua.

Sasa tutazame mfano wa pili. Mwaka 2001, mjini Bordeaux, Ufaransa, mafundi wengine walianzisha Motion Twin, ambayo ni chama cha ushirika cha wafanyakazi. Wanachama walipata malipo sawa, na kila mmoja alikuwa na kura moja. Sheria ya Ufaransa hutaka wanachama-wafanyakazi wa chama cha namna hiyo washike angalau asilimia 51 ya mtaji na asilimia 65 ya kura. Mwaka 2017 walianza kuuza kwa njia ya intaneti mchezo wao, Dead Cells, kabla haujakamilika, nao wanunuzi wakijua hivyo. Fedha za wachezaji zikaisaidia kazi hadi ilipokamilika mwaka 2018. Kwa njia hiyo hawakulazimika kuingia katika deni la mchapishaji.

Ndugu wasomaji, nilipata kukagua chama kimoja cha mazao ambacho Kamati yake ilipokea fedha za mfanyabiashara kwa ajili ya magunia na dawa za mimea. Mkutano Mkuu haukuulizwa. Wakati wa mavuno, mazao yote yalikwenda kwake kwa bei aliyoitaja yeye. Daftari la wanachama lilikuwa na majina mengi. Daftari la fedha lilikuwa na jina moja. Wazee walioleta mizigo yao kwa punda waliniuliza kama chama bado ni chao. Kwa mujibu wa hati ya uandikishaji, kilikuwa chao. Jibu hilo halikuwaridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Kanuni ya nne ya ushirika, kama ilivyothibitishwa mjini Manchester mwaka 1995, haikatazi kukopa nje. Inataka chama kikopapo kilinde uhuru wake na madaraka ya wanachama. Basi yafaa tuzingatie haya:

1. Hisa zilipwe kwa ukamilifu, hata kidogo kidogo.
2. Sehemu ya ziada iwekwe akiba kila mwaka kabla ya kugawana.
3. Ukomo wa madeni upangwe na Mkutano Mkuu, nao uheshimiwe.
4. Mkataba wowote wa fedha usomwe mbele ya wanachama, hasa kifungu cha nani atauza mazao na kwa bei ya nani.

Maswali ya kujadili chamani:
(a) Nani alitanguliza fedha za msimu uliopita, na kwa masharti gani?
(b) Akiba yetu ingetosha kununua magunia ya msimu mmoja?
(c) Kama mkopeshaji wetu angeondoka kesho, chama kingeendelea?

Katibu aandike majibu katika kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi ajapo, atapenda kuyasoma kabla ya kufungua hesabu.